Insha ya chuo imerudi na wino mwekundu: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Kazi imerudishwa. Umepata 11 kati ya 20, pembeni pameandikwa "mpangilio dhaifu", basi. Wengi wakisoma maneno hayo hukimbilia kuongeza vichwa vidogo, kubadili fonti na kuweka namba kwenye kila aya. Kazi inayofuata inarudi na 11 ile ile, kwa sababu mpangilio wa insha hauko kwenye vichwa vidogo. Karibu kila kasoro ya mpangilio niliyowahi kuiona kwenye kazi za mwaka wa kwanza ilianzia sehemu moja: mwandishi hakuwa na jibu la swali wakati anaanza kuandika, na hakulipata hadi anamaliza.

Hapa chini mambo yamepangwa kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye karatasi iliyorudi au kwenye rasimu yako kabla ya kukusanya. Chini ya kila dalili kuna vyanzo, kinachotokea mara nyingi kikitangulia. Jaribu marekebisho mepesi kwanza. Palipoandikwa "Simama", usiendelee kuhangaika peke yako.

Kwa mifano nitatumia swali moja la aina inayotolewa kwenye historia na taaluma za maendeleo: "Kushindwa kwa vijiji vya ujamaa nchini Tanzania kati ya 1967 na 1976 kulitokana kwa kiasi gani na njia zilizotumiwa kuvianzisha? Jadili." Vijiji vya ujamaa ni vile ambavyo wakulima walitakiwa kuhamia ili waishi na kulima pamoja. Anayesoma sheria, uuguzi au isimu aweke swali lake hapo. Makosa ni yale yale.

Ukaguzi wa awali, dakika kumi

Soma sentensi ya kwanza ya kila aya, ruka zilizobaki. Kama sentensi hizo peke yake zinasomeka kama muhtasari wa jibu, mifupa ya insha ni mizima na tatizo lako ni dogo. Kama zinasomeka kama orodha ya mada (TANU, Azimio, ukame, sheria, elimu), nenda Dalili ya 2.

Kisha funga kompyuta, chukua karatasi, jibu swali kwa sentensi moja. Fungua insha uitafute sentensi hiyo ndani yake. Mara nyingi utaikuta kwenye hitimisho, na hapo pengine hutahitaji kuandika upya. Hoja yako umeigundua ukiwa unaandika, jambo la kawaida kabisa. Ipeleke kwenye utangulizi, kisha pitia aya moja moja ukiondoa kisichoihusu. Kama haipo popote, endelea kusoma.

Dalili ya 1: "Hujajibu swali"

*Chanzo cha kwanza: umejibu mada ukaacha swali.* Kwenye swali letu, insha ya namna hii huanza na maana ya ujamaa, ikapita kwenye historia ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, ikaeleza kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, ikagusa utaifishaji wa mabenki, ikamalizia na sifa za Mwalimu Nyerere. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililoulizwa. Msahihishaji anaona mtu anayezunguka mbuyu.

Kurekebisha: vunja swali vipande vitatu kwa kalamu, juu ya karatasi. Agizo: "kwa kiasi gani… jadili". Mada: vijiji vya ujamaa. Mipaka: Tanzania, 1967 hadi 1976, na hasa njia zilizotumiwa kuvianzisha. Mipaka ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Utaifishaji wa mabenki uko ndani ya miaka hiyo lakini hauhusu namna vijiji vilivyoanzishwa, kwa hiyo unatoka, hata kama umeutumia aya mbili nzuri.

Agizo nalo lina uzito wake. "Eleza" linataka jinsi jambo lilivyo au lilivyotokea. "Linganisha" linataka vitu viwili vipimwe kwa kipimo kimoja, na wala haitoshi kueleza cha kwanza ukurasa mzima halafu cha pili ukurasa mzima. "Tathmini" linataka hukumu yenye vigezo. "Kwa kiasi gani" linataka mizani: sehemu fulani ni kweli, sehemu fulani si kweli, na utaje ipi ni kubwa. Anayejibu "kwa kiasi gani" kama vile ameulizwa "taja sababu" amejibu swali la mtu mwingine.

*Chanzo cha pili: desa, yaani kazi ya mtu mwingine unayoiigiza.* Umepewa kazi ya mwaka jana na mtu wa mwaka wa pili, swali lake linafanana na lako lakini si lako. Labda lake liliuliza mafanikio ya ujamaa, lako linauliza njia zilizotumika. Ukiunga unga, mshono unaonekana. Na wahadhiri wanazikumbuka kazi za zamani kuliko wanafunzi wanavyodhani.

*Chanzo cha tatu: swali lenyewe lina utata.* Neno "kushindwa" kwenye swali letu halina kipimo. Kushindwa kwa shamba la pamoja? Kwa uzalishaji wa chakula? Au hata kufikisha shule na zahanati kwa watu waliokuwa wametawanyika? Jibu linabadilika kufuatana na kipimo, na insha nzuri hukitaja kipimo chake mapema: "Katika insha hii, kushindwa kunapimwa kwa uzalishaji wa pamoja, si kwa huduma za jamii." Sentensi moja ya namna hiyo inamwonyesha msahihishaji kwamba umeliona tatizo.

Simama kama umevunja swali vipande vitatu na bado unaona tafsiri mbili zinazopeleka insha njia tofauti kabisa. Nenda kwa mhadhiri au mkufunzi wa seminari kabla hujaandika. Usiende na "Samahani mwalimu, sijaelewa swali." Nenda na tafsiri zako mbili umeziandika, uulize ipi anaikusudia. Swali hilo linajibiwa mlangoni, bila hata kukaribishwa kiti.

Dalili ya 2: "Maelezo mengi, hoja hakuna"

Dalili hii ndiyo inayowapata wengi, na ndiyo isiyorekebishika kwa kupanga upya aya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Chanzo cha kwanza: pointi sita.* Sekondari tulifundishwa insha ni utangulizi, pointi, hitimisho. Kila pointi na maelezo yake, kila moja na alama zake. Utaratibu ule ulikuwa na kazi yake, maana msahihishaji wa mtihani wa taifa ana rundo la vitabu mbele yake na anahitaji kuhesabu. Siulaumu. Lakini chuoni anayesahihisha anauliza jambo jingine: pointi zako zinahusiana vipi?

Mtu wa pointi sita akilijibu swali letu ataandika: ukame, kupanda kwa bei ya mafuta, matumizi ya nguvu, uhaba wa wataalamu, upinzani wa wakulima, urasimu. Kila moja aya yake, zote uzito sawa. Zichanganye kama karata, anza na ya tano umalizie na ya kwanza, insha haibadiliki. Hicho ndicho kipimo. Kama aya zako zinaweza kubadilishana nafasi bila hasara, una orodha, hoja bado huna.

Kurekebisha: ziulize sababu zako maswali. Ipi ilitangulia? Ipi iliizaa nyingine? Ukiondoa hii, ile ingetokea? Tujaribu. Ukame mkali ulikuwa 1973–74, bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa 1973, na mwaka huo huo wa 1973 ndipo ilipoamuliwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wanaishi vijijini. Mambo matatu kwa mpigo. Rahisi kuulaumu ukame. Lakini rudi nyuma. Mwaka 1969 chama kilikuwa kimeshaivunja RDA, jumuiya ya vijiji vya Ruvuma vilivyokuwa vikijiendesha vyenyewe. Mwishoni mwa 1971 mkuu wa mkoa wa Iringa aliuawa na mkulima huko Ismani. Hapo ukame bado. Kumbe kulikuwa na mgogoro uliotangulia, na ukame ukaukuta njiani. Sasa una kitu cha kusema, na aya zako zimepata mpangilio ambao huwezi kuuchanganya.

Kiandike kwa sentensi moja. Hizi hapa tatu, zilinganishe:

"Insha hii itajadili sababu za kushindwa kwa vijiji vya ujamaa." Hili ni tangazo.

"Vijiji vya ujamaa vilishindwa kutokana na sababu nyingi za ndani na za nje." Hili ni kweli, na hakuna wa kulipinga, ndiyo maana halisaidii.

"Ingawa ukame wa 1973–74 na kupanda kwa bei ya mafuta kuliongeza hasara, vijiji vya ujamaa vilikwama hasa kwa sababu uamuzi wa nani aishi wapi na alime nini ulianza kutoka mikononi mwa wakulima miaka kadhaa kabla ya majanga hayo." Hii ni hoja kuu. Inajibu "kwa kiasi gani", inaupa upande wa pili haki yake, na ndani yake mna ratiba ya insha nzima: kwanza majanga na uzito wake, kisha mgogoro uliotangulia, kisha operesheni yenyewe ya kuwahamishia watu vijijini.

Kipimo chepesi: je, mtu aliyesoma vitabu vile vile anaweza kuikataa sentensi yako kwa sababu za maana? Kama hawezi, bado hujafika.

*Chanzo cha pili: woga.* "Mimi wa mwaka wa kwanza, nimpinge profesa?" Tumelelewa kutombishia mkubwa, na adabu hiyo huingia mpaka kwenye karatasi. Matokeo yake insha nzima ni "Fulani anasema, Fulani naye anasema", mwenye insha haonekani. Huhitaji kumpinga mtu. Tafuta mahali ambapo waandishi wawili hawakubaliani, mmoja anausukuma mzigo kwa hali ya hewa na uchumi wa dunia, mwingine kwa chama na watendaji wake, kisha useme ushahidi ulionao unaelemea upande gani na kwa nini. Heshima haijavunjwa hapo.

*Chanzo cha tatu: umesoma kidogo.* Daftari la mhadhara na makala moja haviwezi kuzaa hoja, kwa sababu chanzo kimoja hakina cha kubishana nacho. Kwa insha ya maneno 1,500, makala au sura tatu zilizosomwa vizuri zinakutosha kuanzia. Tafuta kwenye Google Scholar, ingia JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma mtandaoni, kupitia maktaba ya chuo kama chuo chenu kimejiunga, au mwone mkutubi. Wakutubi wanajua vilipo vitu ambavyo utafutaji wa simu hauvioni, na meza yao mara nyingi haina foleni.

Dalili ya 3: "Aya hazishikani", "hakuna mtiririko"

*Chanzo cha kwanza: aya moja imebeba mambo matatu.* Tazama hii:

"Ujamaa ulikuwa na matatizo mengi. Mwaka 1973 serikali iliamua watu wote wahamie vijijini. Pia kulikuwa na ukame. Aidha, Dkt. Klerruu aliuawa Ismani mwaka 1971. Vilevile mwaka 1975 ilitungwa sheria ya vijiji. Hivyo ujamaa ulishindwa."

Taarifa zote ni sahihi, na bado aya haisemi kitu. "Pia", "aidha" na "vilevile" maana yake ni moja tu: na hili nalo. Haziunganishi, zinarundika. Na "hivyo" ya mwisho haina haki ya kuwepo, kwa sababu hakuna lililotangulia linaloizaa. Sasa hii:

"Mvutano juu ya nani aamue ulijitokeza kabla ya operesheni ya kuhamisha watu. Mwaka 1969 chama kiliivunja RDA, jumuiya ya vijiji vya Ruvuma vilivyokuwa vikijiendesha vyenyewe. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima huko Ismani, eneo ambalo wakulima wa mahindi wenye mashamba makubwa walikuwa wakishinikizwa kuingia kwenye ujamaa. Matukio haya hayafanani: la kwanza linaonyesha chama kikiwazima watu walioukubali ujamaa, la pili linaonyesha mkulima akiukataa. Hata hivyo yote mawili yalitangulia ukame wa 1973–74, kwa hiyo ukame hauwezi kutumiwa kueleza chanzo cha mvutano huo."

Hesabu kilichobadilika. Sentensi ya kwanza inabeba dai la aya nzima. Ushahidi umefuata, wenye mwaka na mahali. Kisha kuna sentensi ambayo haikutoka kitabuni, ile ya "hayafanani", ambayo ni ya mwandishi mwenyewe. Alama zinatoka hapo. Sentensi ya mwisho inairudisha aya kwenye hoja kuu. Sheria ya 1975 na uamuzi wa 1973 vimeondolewa vikangoje aya ya operesheni. Kwenye insha halisi, rejea zingekaa baada ya taarifa za Ruvuma na Ismani.

*Chanzo cha pili: umepanga kwa vitabu badala ya kwa mawazo.* Aya ya kwanza ni kitabu A, ya pili makala B, ya tatu makala C. Kila aya inaanza na jina la mwandishi. Kurekebisha: anza aya na wazo, majina yaje katikati. A na C wakikubaliana juu ya jambo moja, wakae aya moja.

*Chanzo cha tatu: mpango ulikuwa mzuri, ukapotea njiani.* Fanya mpango wa kinyume. Printi rasimu, na pembeni mwa kila aya andika kwa maneno yasiyozidi kumi inasema nini. Ukishindwa kuandika, aya haisemi kitu. Ukiandika "na", aya ina mambo mawili, ikate. Aya mbili zikipata maelezo sawa, ziunganishe. Kisha chukua maelezo hayo ya pembeni peke yake uyapange upya mezani kabla hujagusa kompyuta. Ni kazi ya saa moja na shilingi chache za steshenari, na kwa maoni yangu hakuna zoezi lingine linaloipandisha insha haraka namna hii.

Simama ukiona unahamisha aya zile zile mara ya tatu na bado zinagombana. Tatizo halipo kwenye aya. Rudi Dalili ya 2. Hoja kuu ndiyo iliyovunjika.

Dalili ya 4: Utangulizi unazunguka, hitimisho linashangaza

Hii ni nyepesi. Utangulizi unaoanza na "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akiishi kijamii" ufute hadi ufike kwenye sentensi ya kwanza inayotaja jambo la swali lako. Maana ya neno kutoka kwenye kamusi ifute pia, isipokuwa kama neno lenyewe ndilo linalobishaniwa. Kinachobaki kiseme swali linahusu nini, wewe unajibu nini, na utapita njia gani. Sehemu moja ya kumi ya insha inatosha: maneno 150 kwa insha ya 1,500. Uandike mwisho, ukishajua insha yako imesema nini.

Hitimisho likileta ushahidi mpya, tuseme Vita vya Kagera vya 1978–79 vimejitokeza ghafla kwenye mstari wa mwisho, una njia mbili: kivute kiingie kwenye kiini au kiache kabisa. Kwenye swali letu kiko nje ya mipaka ya miaka, kwa hiyo kinaachwa.

Dalili ya 5: "Chanzo?", au asilimia ya Turnitin inatisha

Kwanza tuielewe namba yenyewe. Turnitin inaonyesha ni kiasi gani cha maandishi yako kinafanana na maandishi yaliyopo kwenye hazina yake. Haisemi umeiba. Orodha ya marejeo, swali ulilolinakili juu ya ukurasa na nukuu zilizowekwa alama vyote vinaweza kuhesabiwa. Asilimia 30 ya nukuu na marejeo inaweza kuwa salama. Asilimia 8 ambayo ni aya moja iliyonakiliwa mzima mzima ni kesi. Fungua ripoti, angalia rangi zimeangukia wapi, ndipo uogope au utulie.

*Chanzo cha kwanza: daftari lililochanganyika.* Wakati wa kusoma uliandika maneno ya mwandishi na yako pamoja bila kuyatenga, wiki mbili baadaye huwezi kujua ni yapi ya nani. Tangu sasa, maneno ya mwandishi yaingie daftarini ndani ya alama za kunukuu pamoja na ukurasa, saa ile ile. Kwa kazi iliyokwisha, rudi kwenye vyanzo ukague sentensi zote zinazosikika laini kuliko kawaida yako.

*Chanzo cha pili: kubadili maneno mawili matatu.* "Serikali iliwahamisha" ikawa "Dola iliwahamisha", sentensi nyingine yote ikabaki ya mwenyewe. Huo bado ni wizi wa kitaaluma hata ukiweka rejea. Soma aya, funga kitabu, mweleze mwenzako kwa mdomo, kisha andika ulichomweleza. Rejea inabaki pale pale, kwa sababu wazo si lako hata kama maneno ni yako.

*Chanzo cha tatu: marejeo yasiyokuwepo.* ChatGPT na programu za jamii yake huweza kukutungia makala: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, kichwa cha kuvutia, na makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Kila rejea uliyoipata huko itafute kwenye maktaba au Google Scholar hadi uifungue kwa macho yako. Usiyoiona, itoe pamoja na dai lililoiegemea. Kama kozi yenu inaruhusu au hairuhusu programu hizo, soma maelekezo ya kozi. Kila mhadhiri ana msimamo wake.

Mtindo wa marejeo, iwe APA, Chicago au ule wa idara yenu, ni kazi ya mashine. Programu ya Zotero ni ya bure na hupanga orodha yenyewe, mradi ulivyoingiza viko sahihi. Usipoteze usiku kwenye koma.

Simama kabisa katika hali mbili. Kama umekwisha kukusanya kazi na ukagundua kuna sehemu umenakili, mwone mhadhiri kabla hajakuita. Na kama umepata barua ya kuitwa kwenye kamati ya nidhamu, usijibu peke yako usiku huo huo kwa hasira au kwa machozi. Soma kanuni za mitihani za chuo chako, zungumza na ofisi ya mlezi wa wanafunzi au wawakilishi wa serikali ya wanafunzi, ndipo uandike. Anayekupigia simu kwamba atakuandikia insha kwa malipo hayumo kwenye orodha ya wataalamu wa kuitwa.

Dalili ya 6: "Lugha haieleweki"

Kozi nyingi za vyuo vyetu zinafundishwa na kuandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiandikiwa maneno haya huamini Kiingereza chake ni kibovu. Mara nyingi lugha haina kosa kubwa. Sentensi imejengwa kabla ya wazo kuiva, na maneno makubwa yameletwa kuziba pengo.

Jaribu hivi: chukua sentensi iliyozungushiwa duara, iseme kwa Kiswahili kama unavyomweleza mwenzako bwenini. Ikisemeka vizuri, wazo lipo, tatizo ni lugha kweli. Ikate sentensi mbili fupi kwa Kiingereza. Isiposemeka hata kwa Kiswahili, hakuna sarufi itakayoiokoa. Mpango mzima wa insha, pamoja na hoja kuu, unaweza kuandikwa kwanza kwa Kiswahili bila aibu yoyote. Msahihishaji hauoni.

Wanaosoma Kiswahili wana shida ya upande wa pili: nadharia wamezisoma kwa Kiingereza, insha inatakiwa kwa Kiswahili, na sentensi zinatoka zimepinda. Chagua istilahi moja kwa dhana moja uishike hadi mwisho. Ukiita "kiima" aya ya pili, kisiwe "mtenda" aya ya tano kana kwamba ni kitu kile kile.

Simama kama kazi tatu mfululizo, za wahadhiri tofauti, zimerudi na maneno hayo hayo. Uliza idarani kuhusu kozi ya stadi za mawasiliano au msaada wa uandishi ulipo, na uende na kazi zote tatu mkononi.

Dalili ya 7: Ukurasa mtupu

Unafungua kompyuta, unaandika jina na namba ya usajili, unafunga. Chanzo cha kawaida ni kutaka kuanza na utangulizi. Anza na aya unayoiweza, hata kama ni ya nne. Chanzo kinachofuata ni kwamba hujasoma, na hapo tiba inajulikana.

Lakini kama hali hiyo inakupata kwenye kozi zote, hulali, huli vizuri, vipindi huendi, na imedumu wiki kadhaa, weka mwongozo huu chini. Hilo si tatizo la insha. Vyuo vina vitengo vya ushauri nasaha na zahanati. Nenda mapema, kabla ya mitihani, kwa sababu maombi ya kuahirisha masomo au mtihani husikilizwa vizuri zaidi yakija na vielelezo na yakija kabla ya tarehe.

Ni usiku, na kukusanya ni kesho saa nne

Una saa tatu. Usiandike upya. Saa ya kwanza: sentensi ya hoja kuu iingie kwenye utangulizi, na ufute aya moja isiyohusika kuliko zote, hata kama ndiyo ndefu. Saa ya pili: sentensi ya kwanza ya kila aya iandikwe upya ibebe dai. Saa ya tatu: linganisha majina yote yaliyotajwa ndani ya insha na orodha ya marejeo, pande zote mbili, kisha soma kwa sauti, mara moja, kwa simu kama umeme umekatika. Hesabu ya maneno ikizidi, punguza mifano, usipunguze hoja.

Kama unakusanya kwa mtandao, pakia saa mbili kabla, maana dakika za mwisho kila mtu yuko kwenye mfumo huo huo. Fungua faili uliyopakia uhakikishe siyo rasimu ya juzi. Piga picha ya skrini inayoonyesha saa na uthibitisho wa kupokelewa, uihifadhi hadi alama zitoke.